RecA ya Kununua: Protini Nzuri, Karatasi Bahili

Protini ya RecA inayouzwa ikiwa imesafishwa tayari kwa ajili ya utafiti ni bidhaa ambayo maabara nyingi huiagiza kwa kutazama bei ya kichupa peke yake, kisha kabla muhula haujaisha nyingine inaagizwa na mhasibu anataka kujua ya kwanza ilikwenda wapi. Sisi tumekuwa tukitumia toleo moja la protini hii, linalotengenezwa ng'ambo na kuletwa hapa Nairobi na wakala, na uamuzi wangu nautoa mapema: protini yenyewe ni safi na inafanya kazi yake barabara, karatasi ya maelezo inayoandamana nayo ni bahili kupita kiasi, na mnunuzi aliyezoea vimeng'enya vya kukata DNA anahitaji kupiga hesabu upya kabla LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, haijatiwa saini.

Kwa asiyeifahamu, RecA ndiyo protini ambayo bakteria huitegemea kurekebisha DNA iliyokatika, kwa kutafuta mahali pengine mfuatano unaofanana na ule ulioharibika na kubadilishana nyuzi nao. Jeni yake ilijulikana mwaka 1965 kupitia kazi ya Alvin Clark na Ann Dee Margulies, waliopata bakteria wa Escherichia coli walioshindwa kuunganisha DNA upya. Binadamu naye ana protini ya ukoo huohuo, RAD51, ambayo hushirikiana na BRCA2, jina linalosikika zaidi katika kliniki za saratani ya matiti. Aliyefika hatua ya kununua anayajua hayo, kwa hiyo nayaacha hapo.

Kichupa chetu kina mikrogramu 200 za protini katika mikrolita 100, yaani miligramu 2 kwa kila mililita, ndani ya bafa ya Tris yenye DTT, EDTA kidogo na gliseroli asilimia 50. Molekuli moja ya RecA ya E. coli ina asidi amino 352 na uzito wa karibu kilodaltoni 38, hivyo mkusanyiko huo ni mikromolari 53 hivi. Karatasi haitoi tarakimu hiyo ya mwisho, ingawa ndiyo utakayoihitaji kila unapopanga jaribio. Protini haikuongezewa mkia wa histidini, jambo ninalolipenda, kwa sababu molekuli za RecA hufanya kazi zikiwa zimeshikana, na ni afadhali kutokuwa na sababu ya kujiuliza kama mkia unaingilia mshikamano huo.

Sasa hesabu yenyewe. Kimeng'enya cha kukata DNA hutumika tena na tena: molekuli moja hukata, huachia, huenda kukata kwingine, na ndiyo maana kichupa kidogo huweza kudumu mwaka mzima. RecA haiko hivyo. Molekuli zake hujipanga bega kwa bega juu ya uzi mmoja wa DNA, kila moja ikifunika nukleotidi 3 (viungo vya mnyororo wa DNA), zikizunguka kwa kadiri ya molekuli 6 katika kila mzingo, na kwa pamoja huunyoosha uzi huo hadi ukawa mrefu kiasi cha mara moja na nusu kuliko DNA ya kawaida ya idadi ileile ya nukleotidi. Filamenti hiyo, yaani uzi uliofunikwa na RecA, ndiyo inayotafuta mfuatano unaofanana, wala si molekuli moja moja. Kiasi cha protini, kwa hiyo, huamuliwa na kiasi cha DNA, kama vile anayeezeka nyumba anavyohesabu mabati kwa kupima paa kwanza. Chukua mikrogramu 1 ya DNA ya uzi mmoja: hizo ni takriban nanomoli 3 za nukleotidi, zinazohitaji nanomoli 1 ya RecA, ambayo ni mikrogramu 38. Kichupa kizima basi kinatosha kufunika mikrogramu 5 na ushee za DNA, na hapo hujaweka ziada yoyote.

Mtafiti anayetaka kuvua kipande fulani cha DNA kutoka kwenye mkusanyiko mkubwa kwa kutumia vipande elekezi vilivyofunikwa na RecA anaweza kukimaliza kichupa katika kazi chache. Anayefanya majaribio madogo ya mikrolita 20, yenye nukleotidi za uzi mmoja kwa mikromolari 10, hutumia mikrogramu 2.5 hivi kwa kila tyubu, na kwa hesabu kavu kichupa kinampa tyubu 80. Kiuhalisia atapata pungufu, kwani mikrogramu hizo 2.5 ni mikrolita 1.25 tu za maji mazito ya gliseroli yanayong'ang'ania ncha ya pipeti, ndani na nje. Dawa yake ni kuizimua kwanza kiasi cha siku hiyo kwa bafa baridi, kwenye barafu, kisha kuchota ujazo mkubwa zaidi ambao pipeti inaweza kuupima kwa uaminifu. Kilichozimuliwa kisirudishwe kwenye kichupa cha akiba. Mambo haya yangestahili mistari miwili kwenye karatasi ya maelezo. Badala yake karatasi inataja idadi ya yuniti bila kueleza yuniti moja ilipimwa vipi, kwa DNA gani wala kwa joto gani, na idadi isiyo na kipimo nyuma yake ni mapambo tu.

Gharama nyingine iliyojificha iko kwenye ATP, molekuli inayoipa protini nguvu ya kufanya kazi. RecA ikishajipanga juu ya uzi mmoja, kila molekuli huvunja ATP kama 30 kwa dakika katika nyuzijoto 37. Ukiwa na RecA mikromolari 3.3 ndani ya tyubu, hizo ni mikromolari 100 za ATP kila dakika, na milimolari 3 ulizoziweka mwanzoni zitakuwa zimekwisha kwa nusu saa. Kabla hata hazijaisha, ADP, mabaki ya ATP iliyovunjwa, inayorundikana huanza kuilegeza filamenti, na jaribio linakatika katikati huku anayelifanya akiilaumu protini. Ni lazima basi uwepo mfumo wa kuirejesha ATP, ama kwa kreatini fosfeti na kreatini kinasi, ama kwa fosfoenolpiruveti na piruveti kinasi. Hakuna hata kimoja kinachokuja na bidhaa hii. SSB, protini inayoshika uzi mmoja na kuukunjua pale unapojikunja, nayo hainunuliwi pamoja. Na ukishaipata, mpangilio una maana yake: RecA itangulie kwenye DNA, SSB ifuate pamoja na ATP, kwa sababu SSB ikitangulia huziba mahali ambapo RecA ingeanzia kujipanga. Wako wanaokimbilia ATPγS, ATP ya bandia, ili kukwepa usumbufu wote huo. Inafaa kwa kazi ya kutazama filamenti, kwani haivunjwi kwa kasi ya maana na filamenti hubaki imara, lakini ubadilishanaji wa nyuzi ndefu haufiki mwisho kwa njia hiyo.

Madai ya usafi tuliyapima wenyewe badala ya kuyaamini. Kwenye jeli ya akrilamaidi ya asilimia 12 iliyotiwa rangi ya Coomassie, protini ilionekana kama utepe mmoja mnene karibu sana na alama ya kilodaltoni 37, na ni pale tu tulipopakia kiasi kikubwa makusudi ndipo kivuli hafifu kilipojitokeza chini yake. Kwa mkusanyiko tulitumia mwanga wa nanomita 280, ambapo RecA ya miligramu 1 kwa mililita husoma 0.59, tukapata chini kidogo ya kilichoandikwa kwenye kichupa, tofauti ambayo pipeti peke yake inaweza kuieleza. Anayetaka kurudia kipimo hicho asawazishe mashine kwa bafa ileile ya kuhifadhia na si kwa maji, kwa kuwa DTT iliyokaa muda mrefu na kuoksidika nayo hufyonza mwanga katika eneo hilo.

Jeli ya protini, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu nukleasi, vimeng'enya vinavyokula DNA, nazo ndizo adui halisi wa protini yoyote inayokusudiwa kukutana na DNA. Kiasi cha nukleasi kisichoonekana kabisa kwa Coomassie kinaweza kuila DNA yako yote usiku mmoja. Tuliiacha RecA na magnesiamu pamoja na plasmidi iliyosokotwa, na katika tyubu nyingine pamoja na mduara wa uzi mmoja wa virusi vya M13mp18 wenye nukleotidi 7249, katika nyuzijoto 37 hadi asubuhi. Kipimo cha mduara ndicho ninachokiamini zaidi: ukikatwa mara moja tu unakuwa mstari, na mstari hutembea kwenye jeli ya agarosi tofauti na mduara, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Asubuhi tulivunja protini zote kwa SDS na proteinasi K, tukapakia, na tepe za tyubu zenye RecA hazikuwa na tofauti na zile za tyubu zisizo nayo. Kwa bidhaa ya bei hii hilo ndilo lililonifanya niiheshimu.

Kipimo cha tatu ni cha ATP bila DNA. RecA ikiwa peke yake katika bafa ya kawaida huvunja ATP kwa kasi ndogo mno, kwa hiyo kampuni ikiwa imeacha mabaki ya DNA ya bakteria ndani ya protini, au kimeng'enya kingine kinachokula ATP, kasi hiyo itaonekana kabla hujaongeza kitu. Tulitumia mfumo wa kuunganisha na NADH, ambao ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 340 hupungua kadiri ATP inavyovunjwa. Mstari ulilala karibu tambarare kwa muda mrefu hivi kwamba mwanafunzi aliyekuwa akiutazama aliuliza, "Daktari, mashine imekwama?" Nikamwambia atie DNA ya uzi mmoja ya φX174, virusi vya bakteria. Alipofunga kifuniko, mstari ulianza kushuka, mwanzoni polepole filamenti ikijijenga, kisha kwa mteremko ulionyooka, na kasi tuliyoipata ilikaribia zile ATP 30 kwa dakika. Sina lalamiko lolote hapo.

Jaribio lenye kuamua ni lile la kubadilishana nyuzi. Unachukua mduara wa uzi mmoja wa φX174, wenye nukleotidi 5386, na DNA ya nyuzi mbili ya virusi hivyohivyo iliyokatwa mahali pamoja ikawa mstari. RecA hujipanga kwenye mduara, huutafuta mwenzake kwenye mstari, kisha huanza kuung'oa uzi mmoja wa mstari na kuuweka ule wa mduara mahali pake, ikielekea upande mmoja tu. Mwishoni unabaki na mduara wa nyuzi mbili wenye pengo dogo, pamoja na uzi mmoja ulionyooka. Kwenye picha yetu ya jeli, sampuli za dakika za mwanzo zilionyesha tepe nzito zilizokwama juu, karibu na visima, ambazo ni molekuli zilizo nusu njia, zikiwa na mikono mitatu na kwa hiyo zikitembea kwa shida. Kadiri dakika zilivyosonga tepe hizo zilififia na ule wa mduara wa nyuzi mbili ukajitokeza na kunenepa. Kufikia saa moja, sehemu kubwa ya mstari ilikuwa imegeuka. Tyubu isiyo na ATP haikuonyesha chochote, nayo isiyo na SSB ilitoa mavuno hafifu, kama inavyotarajiwa kwa DNA yenye mikunjo mingi. Ninasisitiza tena SDS na proteinasi K kabla ya kupakia: bila hatua hiyo RecA huishikilia DNA ndani ya visima, na jeli nzima huonekana kama imemwagiwa wino.

Kwa Nairobi ya sasa naona bidhaa hii itapata wanunuzi zaidi kwa watafiti wa usugu wa bakteria dhidi ya dawa kuliko kwa sisi tunaofuatilia nyuzi. Bakteria akiumizwa DNA na dawa kama siprofloksasini, filamenti ya RecA humchochea LexA, protini inayofungia jeni za dharura, ajikate mwenyewe vipande viwili, na jeni hizo zikifunguka huongeza nafasi ya mabadiliko ya kurithiwa. Jaribio hili hufanyika vizuri ndani ya tyubu: RecA, kipande kifupi cha DNA ya uzi mmoja, ATPγS na LexA, kisha jeli ya protini ya kuhesabu LexA iliyobaki nzima. Kwa kuwa kipande cha DNA ni kifupi, RecA inayohitajika ni kidogo, na kichupa kilekile ambacho kwangu hukimbia kama maji, kwa mwenzangu wa kazi hiyo hudumu. Atakayetafuta kemikali za mimea za kuizuia RecA aanze hapa, akiwa na tahadhari moja: kemikali inayozuia kinasi ya kurejesha ATP itafanana kabisa na inayozuia RecA.

Kuna wasioihitaji kabisa. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama protini hii inaweza kutumiwa kujitengenezea kipimo cha haraka cha magonjwa ya mazao au ya mifugo, kile cha kuzidisha DNA katika nyuzijoto 37 hadi 42 bila mashine ya PCR. Wazo limetoka mahali pazuri, kwani njia hiyo, iliyochapishwa mwaka 2006, hutegemea protini ya aina moja na hii. Lakini inayotumika pale ni UvsX ya virusi vya T4, ikisaidiwa na UvsY, gp32 na polimerasi inayosukuma uzi mbele yake. Kununua RecA ya E. coli na kutarajia kipimo kitoke ni kupoteza fedha za mradi.

Huduma ya wakala ndiyo sehemu dhaifu. Ankara ya makadirio hutolewa kwa dola na kubadilishwa kwa shilingi siku ya malipo, na kwa taasisi ambayo LPO yake hupita meza nyingi kabla ya kulipwa, maana yake ni kwamba hujui bei hadi umeshalipa. Mzigo ulifika ukiwa na pakiti za jeli baridi badala ya barafu kavu. Kwa protini iliyo ndani ya gliseroli asilimia 50 hilo si janga, na vipimo nilivyoeleza vilifanywa baada ya safari hiyo, lakini hapakuwa na kifaa cha kurekodi joto ndani ya boksi, na tulipouliza mzigo ulikaa wapi kati ya kushuka kwenye ndege na kupandishwa kwenye bodaboda iliyouleta kupitia Waiyaki Way, jibu lilikuwa kwamba ulikaa "kwenye baridi". Sifa njema iwafikie kwa jambo moja: waliniletea cheti cha uchunguzi cha toleo lilelile lililo kwenye kichupa, na si cheti cha jumla kilichopakuliwa kutoka kwenye tovuti.

Ukishaipokea, iweke kwenye friza ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri, ambapo gliseroli huizuia kuganda, na isiwe friza ya kujiyeyushia barafu yenyewe, kwa kuwa hiyo hupasha joto na kupoza kila mara. Sisi tunaihifadhi ndani ya kisanduku cha kubaridisha kilichomo ndani ya friza, ili umeme ukikatika na jenereta ikachelewa kuwaka, protini isiwe ya kwanza kulitambua hilo.

Swali la mwisho ni kama inafaa kununua au kujitengenezea. Maabara yenye chumba baridi na mashine ya kromatografia inaweza kusafisha RecA yake kwa gramu kadhaa za bakteria, na zipo za namna hiyo kuanzia Chiromo hadi Kabete. Protini hii hujitokeza kwa wingi, hushuka kwa spermidini na kuyeyuka tena, na mavuno ya kundi moja la bakteria yanaweza kuzidi vichupa vingi vya kununua. Ila kila kundi linadai vipimo vyote vitatu upya, hasa cha nukleasi, na mwanafunzi wa uzamili anayesafisha protini hafanyi majaribio yake. Kwa kazi ya mikrogramu chache ningenunua bila kusita. Kwa kazi ya kuvua DNA, inayokula miligramu, ningesafisha mwenyewe na kununua kichupa kimoja tu cha kulinganishia.

Kwa oda inayofuata tumemwomba wakala atutengee vichupa viwili vya toleo lenye namba ileile, ili matokeo ya mwaka huu yasichanganyike na ya toleo jipya, na amekubali kwa maandishi, kwa sharti kwamba tulipe nusu ya bei mapema. Kuhusu maana ya yuniti, amesema atawaandikia watengenezaji.